Jiji linahitaji baraza, si vikao vya zimamoto

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Dampo la jiji lilikuwa katikati ya makazi yao, moshi ukifuka mchana na usiku, harufu na inzi vikiingia ndani bila hodi, na malalamiko waliyoyapeleka kwa wakubwa hayakuwa yamezaa kitu. Mahakama iliwapa haki. Jiji likasuasua, likaomba kuongezewa muda, likanyimwa, na mwaka 1991 malori yakaelekezwa Kunduchi Mtongani. Huko nako watu zaidi ya 700 wakaungana, wakafungua kesi yao, nao wakashinda. Malori yakageuza tena. Safari hii yakashuka Vingunguti, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na huko hakuna kesi iliyoyaondoa haraka. Taka za jiji zikamwagwa pale kwa miaka mingi, kabla ya kuhamishiwa Mtoni na baadaye Pugu Kinyamwezi.

Wanafunzi wa sheria husomeshwa kesi hizo kama ushindi wa haki ya kuishi, na ni ushindi kweli. Watu wa kawaida walilitia adabu jiji lao wakati ambapo nchi ilikuwa bado chini ya chama kimoja. Si jambo dogo. Lakini ukizisoma kesi hizo kama historia ya mji badala ya historia ya sheria, unaona jambo jingine. Hakuna hata mara moja katika mlolongo ule ambapo watu wa Tabata, wa Mtongani na wa Vingunguti walikalishwa pamoja na wahandisi wa jiji, waulizwe taka za mji mzima ziende wapi na nani alipwe fidia gani. Kila mtaa ulijitetea kivyake, na uliojitetea vizuri ulifanikiwa kuusukuma mzigo kwa jirani. Tabata walikuwapo watumishi wa serikali na watu waliojua mlango wa wakili ulipo. Mshikamano wao haukuishia mahakamani, bali ulizaa mfuko wao wa maendeleo. Vingunguti hawakuwa na mtandao wa namna hiyo. Taka zikawafuata wao.

Hoja yangu katika makala hii inatoka hapo. Makundi ya wafanyabiashara, vyama vya wakazi, vikundi vya akina mama, umoja wa machinga na wenye daladala ndiyo yanayoamua sura ya Dar es Salaam kuliko ramani yoyote iliyowahi kuchorwa. Wanaosema tuyape nguvu zaidi wanachelewa, kwa sababu nguvu yanayo tayari. Kinachokosekana ni mahali pa kudumu pa kuyakutanisha, ambapo anayeshinda analazimika kumtazama usoni yule ambaye ushindi huo utamuumiza. Bila mahali hapo, kila kundi linajifunza kitu kimoja tu: namna ya kuzuia.

Ramani si kwamba hazikuwapo. Jiji hili lilichorewa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, yote kwa mkono wa wataalamu wa kigeni. Mji haukuisubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikakuta 5,383,728, ongezeko la watu milioni moja kwa miaka kumi. Wengi wao wanaishi katika mitaa ambayo haikupimwa kabla ya kujengwa. Watu hao hawakujikalia ovyo kama porini. Mwenye shamba alikata kipande, mnunuzi akaja na shahidi wake, mauziano yakaandikwa kwenye karatasi, serikali ya mtaa ikagonga mhuri na kuchukua asilimia kumi yake. Mipaka ikawa mnazi huu na msingi wa nyumba ile, na majirani wakawa ndio kumbukumbu. Hii ni taasisi, hata kama wataalamu wa mipango miji wanaikunjia uso. Imegawa ardhi kwa mamilioni ya watu ambao foleni ya viwanja vya serikali isingewafikia maisha yao yote. Udhaifu wake ni ule ule wa kesi ya Tabata: inawaunganisha muuzaji, mnunuzi na jirani, lakini haimjui mtu wa bondeni atakayepokea maji ya mvua baada ya kilima chote kujengwa bila mfereji.

Wala nguvu ya makundi haya si jambo la juzi. Chama cha Waafrika kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilijijengea nyumba yake New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba, na ndani ya nyumba hiyo TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, kisha mwaka 1937 gazeti lake la Kwetu. Makuli wa bandarini waligoma 1947, na mgomo wao ukapanda reli hadi bara. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Chama cha Waafrika kabla hakijageuka TANU, mchana alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Mwenye duka, karani, kuli na mtu wa sokoni walikuwa wakikutana katika mji mdogo ambamo kila mmoja alijua nyumbani kwa mwenzake, na kwa kuwa wote walibanwa na serikali moja ya kikoloni, madai ya bei za sokoni hayakukaa mbali na madai ya uhuru.

Baada ya uhuru makundi yale yaliingizwa chini ya chama na dola. Vyama vya wafanyakazi vikawa kimoja mwaka 1964, serikali za mitaa zikafutwa 1972, usafiri wa abiria ukakabidhiwa shirika moja la umma, na mjumbe wa nyumba kumi akawa ndiye mtandao wa mtaa. Nia ya kujenga taifa lisilogawanyika ilikuwa na mantiki yake, na sioni haja ya kuikejeli leo. Lakini mji ulilipa. Halmashauri za miji ziliporudishwa 1978 zilikuta barabara na mifereji imeoza, na mabasi yalipungua mpaka mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria, ndipo daladala zikahalalishwa. Makundi yaliyochipuka upya baada ya hapo yalizaliwa katika mazingira ya kuziba pengo na kukwepa mgambo. Hayakulelewa katika mazoea ya kukaa na halmashauri na kupanga, na hilo linaonekana mpaka sasa.

Tazama Kariakoo. Mei 15, 2023 maduka hayakufunguliwa. Wafanyabiashara walilalamikia kikosi kazi cha kodi, usajili wa stoo, na wateja wa kutoka Zambia, Malawi na Kongo wanaokamatwa njiani na mizigo yao kwa mabishano ya risiti. Jumatano yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza mbele ya kamera, kikao cha saa nyingi, wafanyabiashara wakipokezana kipaza sauti na watendaji wa mamlaka wakiandika. Maagizo yakatoka, kamati ikaundwa, maduka yakafunguliwa. Juni 24, 2024 yakafungwa tena, na safari hiyo mgomo ukavuka hadi mikoani. Anayeona hapo ukaidi wa wafanyabiashara peke yake hajauangalia mfumo. Mwaka 2023 walifundishwa kwamba mlango hufunguka ukifunga duka. Iweje mwaka uliofuata wabishe hodi kwa barua?

Mgomo ni mkali kama panga: unafyeka vizuri kilicho mbele yake, lakini huwezi kushonea nao. Kwa mgomo utasimamisha kikosi kazi. Huwezi kwa mgomo kuamua mzigo wa Kariakoo ushushwe saa ngapi ili barabara zipitike, nani alipie taa na mifereji ya mitaa ambayo malori yanaivunja, au ghorofa lipi halifai kukaliwa. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, huku waliokwama chini ya kifusi wakiwasiliana na ndugu zao kwa simu. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo. Miaka 11 kabla, mwezi Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Baada ya kila tukio tulipata timu na ripoti, halafu kimya kilichozoeleka.

Sasa jiulize ni nani anayejua kwanza kwamba jengo linachimbwa chini ili kuongeza nafasi ya kuuzia. Si mkaguzi wa manispaa, ambaye hupita kwa nadra. Ni mpangaji wa fremu anayesikia nyundo chini ya miguu yake, kuli anayepandisha marobota na kuona ufa mpya ukutani, mama ntilie wa uchochoroni anayewauzia chai mafundi. Taarifa za usalama wa Kariakoo ziko kwa watu hao kila siku. Lakini mpangaji akilalamika kwa mwenye jengo anahatarisha fremu aliyoilipia kilemba cha mamilioni, na umoja wa wafanyabiashara uliopata umaarufu kwa mambo ya kodi una wapangaji na wenye majengo ndani ya chombo kimoja. Kodi inawaunganisha, usalama wa jengo unawagombanisha. Ndiyo maana kodi ilifunga soko zima na nyufa hazikufunga hata mtaa mmoja. Mtandao wenye nguvu huchagua yale yasiyovunja umoja wake, na mengine huyanyamazia, hata yakiwa ya kufa na kupona.

Historia ya machinga inaonyesha hasara ya upande wa pili, pale serikali inapopanga bila kuwauliza. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilifunguliwa likiwa na vizimba vya maelfu ya wachuuzi, likakaa miaka likiwa na nafasi tupu huku wachuuzi wakibaki barabarani. Sababu yake angeieleza machinga yeyote kwa dakika tano: wateja wake ni wapita njia, na wapita njia hawapandi ghorofa kutafuta soksi. Mwishoni mwa 2018 wachuuzi waliuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyowapa uhalali wa kufanya biashara karibu popote; mwaka 2021 wakaondolewa barabarani. Kati ya amri hizo mbili zinazopingana hakukuwa na baraza lililokaa na kusema njia hii ibaki ya waenda kwa miguu, upande ule uwe wa meza kuanzia saa kumi jioni, na ushuru wake ufagie hapo hapo. Umoja wa machinga una viongozi na orodha za wanachama, lakini viongozi hao huitwa kupewa taarifa ya uamuzi, wakati mwingine kushiriki kuutekeleza, na mara chache kuufikiri.

Tunajua pia kwamba mambo yanaweza kwenda vingine, kwa sababu yamewahi kwenda hapa hapa. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa uliokuwa ukifurika kila masika, walijenga mifereji na barabara za changarawe kwa kushirikiana na jiji, wataalamu wa Chuo cha Ardhi na Shirika la Kazi Duniani. Chama cha wakazi kilikuwa sehemu ya mkataba, vijana na akina mama wa mtaa wakalipwa kwa kazi, na nyumba zilizokuwa njiani zikajadiliwa moja moja na majirani wenyewe. Muda si mrefu baadaye jiji likaanza kuwapa vikundi vya mitaa na kampuni ndogo kandarasi za kuzoa taka, zikiwamo zile za akina mama waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na stakabadhi mkononi. Siyo hadithi za peponi hizi. Vikundi vilihangaika na wasiolipa, na mtaa ukishapata mfereji kodi ya chumba hupanda, na mpangaji aliyevumilia mafuriko ndiye anayehama. Lakini kazi ilifanyika, kwa watu wale wale ambao mgambo anawajua kwa sura.

Msomaji makini ameshaandaa pingamizi, na la kwanza ni zito. Tuna madiwani na wenyeviti wa mitaa waliopigiwa kura. Kwa nini tuweke pembeni yao baraza la watu ambao hakuna aliyewachagua? Nakubali kwamba uamuzi wa mwisho, hasa wa fedha na ardhi, lazima ubaki kwa waliochaguliwa. Lakini diwani anawakilisha kata, na matatizo makubwa ya jiji hayalali ndani ya kata. Mteja wa Kariakoo anakaa Mbagala, kuli anatoka Tandale, mwenye jengo yuko Upanga, na maji machafu yanakwenda baharini kupitia kata kadhaa. Tena tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa na hadhi ya jiji kupewa Ilala, hakuna chombo cha kuchaguliwa kinachousimamia mji wote kwa pamoja. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina baraza lake. Anayeuunganisha mji ni Mkuu wa Mkoa, ambaye huteuliwa. Kwa hiyo anayesema baraza la makundi litawapora wachaguliwa nafasi yao anaitetea nafasi ambayo, katika ngazi ya jiji zima, imekwisha kuondolewa.

Pingamizi la pili linasema vyombo vya namna hii hutekwa na wenye fedha. Hilo ni kweli na si la kukanusha. Yapo mabaraza ya biashara ya mikoa, yanayoongozwa na wakuu wa mikoa, na muuza mitumba hatarajii kuyasikia yakimjadili yeye. Dawa yake ni kuangalia nani ana kiti kwa haki na nani amealikwa kwa hisani. Wapangaji, ambao ni sehemu kubwa ya watu wa jiji hili, wawe na viti vyao wenyewe mbali na wenye nyumba. Wenye fremu wasihesabiwe pamoja na wenye majengo. Mihtasari ibandikwe kwenye mbao za ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili cha kueleweka, ikitaja nani alipinga nini. Matajiri wa jiji tayari wana baraza lao, nalo hukaa kwa simu na katika kumbi za harusi. Wasio na namba hizo ndio wanaofaidika kikao kikiwa cha wazi.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: jambo hili lilishajaribiwa. Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na kazi yake hasa ilikuwa kuwakutanisha wadau katika vikundi kazi vya taka, maji, biashara ndogo, makazi. Kuna mambo yaliyotoka humo, yakiwamo mageuzi ya uzoaji taka niliyoyataja. Kisha wafadhili wakapunguza mkono, na mpango mkakati wa maendeleo ya mji uliotokana nao haukupata kuidhinishwa na wizara. Mtu anaweza kusema: si unaona, watu walikaa, wakaongea, wakatawanyika. Mimi naona somo tofauti. Vikundi kazi vile vilikuwa na mawazo ila havikuwa na mahali pa kuyapeleka kisheria; halmashauri haikulazimika kuyajibu, na bajeti haikuyajua. Kitu kinachosimama kwa fedha za mradi huanguka na mradi. Baraza linalopendekezwa hapa linahitaji mambo mawili tu ambayo vikundi vile havikuwa nayo: kutajwa katika sheria za serikali za mitaa, na sharti kwamba halmashauri ikikataa pendekezo iandike sababu. Gharama ya chai na viti haizidi ya mgomo wa siku mbili Kariakoo.

Kuna wanaosema pia kwamba majadiliano yanachelewesha maendeleo. Wao wakumbushwe vizimba vitupu vya Ilala.

Mtihani ulioko mbele ya macho ni Bonde la Msimbazi, lile lile lililopokea taka zilizofukuzwa Tabata na Mtongani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na walionusurika wengi wakapelekwa Mabwepande, mbali na riziki zao. Barabara ya Jangwani imefungwa na maji mara zisizohesabika, na karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa mle mle majini. Mwaka 2018 walau jambo jipya lilitokea: wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi wa bondeni walikaa pamoja katika vikao mfululizo kuchora mustakabali wa bonde. Kazi ya Ramani Huria, ambamo wanafunzi na vijana wa mitaa walikuwa wamepita na simu zao kuweka mifereji na alama za maji ya mafuriko kwenye ramani ya wazi, iliwapa kitu cha kujadili badala ya kubishana kwa hisia. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo: daraja la Jangwani, kuhamisha karakana, kupanua mto, bustani ya jiji.

Fedha zikishapatikana vikao hupungua, ndivyo inavyokuwa. Maswali yaliyobaki sasa ndiyo magumu: ardhi itakayoinuliwa kutoka majini na kuwa ya thamani kando ya bustani itauzwa kwa nani, mpangaji asiye na hati anahesabiwaje kwenye fidia, mchanga wa mto unachimbwa na nani na kwa kibali gani, na Vingunguti, iliyobeba taka za wengine, inapata nini kwenye bustani hiyo. Hayo hayajibiwi na mkandarasi. Wenyeviti wa mitaa ya bondeni, wapangaji, wachimba mchanga, wenye viwanda wanaomwaga maji machafu mtoni na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoipita Jangwani kila siku wanapaswa kuwa na kikao chenye tarehe inayojulikana kila robo mwaka, mbele ya halmashauri zote ambazo mto huo unazipitia, kuanzia kabla viwanja vya kwanza havijatangazwa.